Kuonyesha na Kujionyesha



Lugha yetu ina maneno mawili yaliyozaliwa tumbo moja wala hayafanani tabia. La kwanza ni kuonyesha, na la pili ni kujionyesha. Mwenye kuonyesha humshika mtu mkono akamwelekeza kwenye kitu, kisha yeye akajitenga kando. Mwenye kujionyesha hukisimamisha kitu mbele za watu ili aonekane yeye. Waarabu nao wana jambo hilo hilo, kwani riyaa, ambayo kila mtoto wa chuoni hufundishwa kuiogopa, ni neno lililotokana na asili ya kuona. Na Mtume wetu (S.A.W.) aliihofia umma wake riyaa hata akaihesabu kuwa ni shirki ndogo.

Nimeyatanguliza maneno hayo kwa kuwa nataka kuzungumza nawe habari ya maonyesho ya sanaa. Yale yanayofanywa na vijana waliomaliza shahada ya kwanza katika vyuo vikuu wakaendelea na ya pili, wakakusanya kazi za mikono yao katika ukumbi wa chuo, wakaufungua mlango na kuwaita watu waje watazame. Huenda ukasema: Sheikh, hayo yatuhusu nini sisi? Hayo ni mambo ya wasomi wa Kampala na Dar es Salaam. Nami nakuomba subira, kwani jambo hilo limekwisha kutufikia hata huku tuliko.

Huku ni Kigonsera, wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma, njiani utokapo Songea kwenda Mbinga na kuteremkia Ziwa Nyasa. Msomaji wa Lamu au wa Tanga asidhani ni nchi ya ugenini. Katika karne ya 19 misafara ya Kilwa Kivinje ilizikata nchi hizi za kusini ikielekea Nyasa, ikipeleka nguo na shanga, ikirudi na pembe za ndovu na, Mwenyezi Mungu atusamehe, watumwa. Uislamu nao ulipita njia hizo hizo, pamoja na mema na maovu ya waliopita. Leo Waislamu wa Umatengo si wengi. Majirani zetu aghlabu ni Wakatoliki, na twakaa nao kwa wema.

Mzazi mmoja wa hapa, mtu wa swala tano, ambaye wazee wake walikuja kwa biashara wakabaki, alinijia na swali. Mwanawe yuko Makerere akisoma shahada ya pili ya sanaa, naye amemletea baba yake habari kwamba yeye na wenzake watafanya maonyesho ya pamoja katika ukumbi wa chuo, na anaomba radhi na dua. Baba hakujua atoe radhi au azuie. Wiki zikapita hajajibu, na mama wa kijana hakuwa na raha nyumbani.

Swali kama hili halijibiwi kwa kulitupia neno moja la halali au haramu kama anayemtupia mbwa jiwe. Kwanza yatupasa kujua jambo lenyewe limetoka wapi, nani waliolianzisha, nani waliokuwamo na nani waliokosekana.

Chuo cha Makerere kilifunguliwa mwaka 1922, nacho hakikufunguliwa kuwa chuo cha wavaa majoho. Kilikuwa shule ya ufundi. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa vijana 14, nao walifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Tazama basi, ndugu msomaji: chuo kilichokuja kuwa mashuhuri Afrika Mashariki nzima kilianza kwa randa na msumeno. Udaktari na ualimu vilifuata baadaye. Mwaka 1949 kikafungamanishwa na Chuo Kikuu cha London, mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Nairobi na Dar es Salaam, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea.

Katika miaka ya 1930 alikuwako Kampala bibi mmoja Mwingereza, Margaret Trowell, ambaye mumewe alikuwa daktari. Bibi huyu alisoma uchoraji London, na alipofika huku aliyatazama mikeka, vikapu na vyungu vya wenyeji, akaona kuwa watu hawa wana jicho na wana mkono. Mwaka 1937 akaanza kuwafundisha wanafunzi wachache. Mafundisho yake yalikuwa hivi: hakuwapa picha za Ulaya wazinakili, bali aliwasimulia kisa kwa maneno, kisha akawaacha kila mmoja akichore kama alivyokiona moyoni mwake. Mwaka 1938 kazi hizo zikaonyeshwa Namirembe, pale Kampala, na mwaka 1939 zikavushwa bahari zikaonyeshwa London. Hayo ndiyo maonyesho ya pamoja ya wanafunzi wa sanaa ambayo matawi yake ni haya tunayoyaona leo.

Katika darasa hilo walitoka watu waliokuja kujulikana. Alitoka Gregory Maloba wa Kenya, mchongaji aliyesimamisha mnara wa uhuru wa Uganda mjini Kampala mwaka 1962. Alitoka Sam Ntiro wa Machame, Kilimanjaro, aliyezaliwa mwaka 1923, akawa mwalimu hapo hapo Makerere, kisha baada ya uhuru wa Tanganyika wa 1961 akawa balozi wetu London. Picha yake moja ya mwaka 1956 iko hadi leo katika jumba kubwa la sanaa la New York. Nayo inaonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Mimi sitaisifu pombe hiyo, lakini najua kuwa aliyeichora aliwapa watu wake nafasi ukutani mahali ambapo hawakuwahi kuonekana. Alitoka Elimo Njau wa Marangu, aliyeanzisha Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965 ili wasanii wapate mahali pa kuonyesha. Alitoka Theresa Musoke wa Uganda, katika wanawake wa mwanzo kupata shahada ya sanaa hapo, akaendelea na masomo ya juu Uingereza na Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Makerere ikajengewa ukumbi wake wa maonyesho. Idi Amin aliposhika utawala mwaka 1971 walimu na wasanii wengi walikimbia, lakini chuo hakikufa, na desturi ya wanafunzi kuonyesha kazi zao ikaendelea.

Sasa yasome tena majina hayo, ndugu yangu, uyapige hesabu kama mfanyabiashara afungapo daftari lake jioni. Machame, Marangu, Uganda, bara ya Kenya. Mtoto wa Pwani yuko wapi? Mtoto wa Mwislamu yuko wapi? Sisemi hakuwako hata mmoja katika miaka yote hiyo. Nasema kuwa katika majina ya mwanzo, yale yanayotajwa kila habari hizi zinapotajwa, jina letu hulisikii.

Sababu yake haifichiki, na Kigonsera yenyewe ni shahidi. Mapadri wa Kibenediktini walifika hapa mwaka 1899. Wakajenga kanisa, wakajenga shule, wakajenga seminari. Marehemu Benjamin Mkapa, Rais wa awamu ya tatu wa Tanzania, alisoma katika seminari ya Kigonsera akiwa kijana, na baada ya Pugu akafika Makerere. Njia ya kutoka kilima hiki mpaka Kampala ilikuwako, lakini ilipita katika mlango wa misheni. Mzazi Mwislamu aliogopa kumpitisha mwanawe mlango huo asije akatoka na jina jingine na dini nyingine, na hofu yake haikuwa ya bure. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipotoa gazeti lake la Al-Islah pale Mombasa mwaka 1932, alikuwa akipiga kelele juu ya jambo hilo: kwamba Waislamu wasiache elimu kwa kuogopa shule, bali wajenge za kwao. Ilipofika mwaka 1945 ndipo ulipoundwa Umoja wa Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, shule zikaanza kujengwa. Darasa la Bibi Trowell lilikuwa limekwisha kufanya maonyesho London miaka sita kabla.

Je, tulikosekana kwa kuwa hatukuwa na ufundi? Hasha. Nenda Kizimkazi, kusini ya Unguja, uutazame mihrabu wa msikiti wenye maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika tumbawe mwaka 500 wa Hijra, nao ni mwaka 1107 wa Miladi. Nenda Kilwa ukaitazame Husuni Kubwa na kuba za msikiti mkuu. Nenda Lamu na Pate ukaone zidaka zilizokatwa katika chokaa safu juu ya safu. Katika mji wa Siyu misahafu ilinakiliwa kwa mkono, ikapambwa pambizoni kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, ikawa mtu akiifungua husita kuigusa. Beit al-Ajaib ya Unguja ilijengwa mwaka 1883 na milango yake ikachongwa aya za Mwenyezi Mungu. Na sehemu ya jumba hilo ilipoporomoka Desemba 2020, watu walilia kama waliofiwa.

Basi nikuulize tena: nani aliyeuchonga mlango ule? Nani aliyekata maandishi ya Kizimkazi? Jina la mkubwa aliyeamrisha msikiti ujengwe limo katika jiwe. La fundi aliyelishika tindo halimo. Ukiingia katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani utakuta vitu vyetu vimewekewa kikaratasi: mlango, Unguja, karne ya 19. Kazi ipo na mwenye kazi hayupo. Na katika ukumbi wa Makerere kila picha, hata ya mwanafunzi dhaifu kuliko wote, ina kikaratasi pembeni chenye jina lake, jina la kazi, vitu alivyotumia na mwaka alioimaliza. Mimi naona tofauti iliyopo kati ya kutoonyesha na kuonyesha imo ndani ya kikaratasi hicho kidogo.

Wako watakaosema kuwa fundi wetu aliliacha jina lake kwa ikhlasi, akichelea riyaa. Kazi aliifanya kwa ajili ya Mola wake, na Mola wake anamjua. Maneno hayo ni mazuri na kwa baadhi yao ni ya kweli, wala mimi sitamwondolea mtu thawabu zake. Lakini tusiufanye unyamavu wote kuwa ni ikhlasi. Mwingine hakuliandika jina lake kwa kuwa hakuna aliyemuuliza, na mwingine kwa kuwa alikuwa mtumwa wa mwenye nyumba. Tena tazama waliokuwa karibu zaidi na Kitabu cha Mwenyezi Mungu, nao ni wanakili. Mnakili alipomaliza msahafu au kitabu cha fiqhi alikuwa na ada ya kuandika mwishoni jina lake na la baba yake, siku na mwezi na mwaka wa Hijra, kisha akamwomba msomaji amsamehe makosa na amwombee dua. Watunzi wa tenzi nao walifanya vivyo hivyo katika beti za mwisho. Je, hao walikuwa watu wa riyaa? La. Waliandika majina yao kwa sababu mbili: ya kwanza, ili likionekana kosa ajulikane wa kuulizwa, ya pili, ili wapate dua ya watu ambao hawatawaona. Kuweka jina kwa nia hiyo ni kujitia katika hesabu, na mwenye kujionyesha huikimbia hesabu. Kikaratasi cha ukumbi wa chuo kikuu si kigeni kwetu, ndugu msomaji. Ni ndugu wa ule ukurasa wa mwisho wa msahafu.

Na jina ni amana nzito. Mkoa wetu huu wa Ruvuma, upande wa Tunduru, ulimzaa mwaka 1932 Edward Said Tingatinga, ambaye hakukanyaga chuo kikuu. Alichora kwa rangi za kung'aa juu ya vipande vya mbao, akauza Dar es Salaam, akawafundisha jamaa zake, akafa mwaka 1972 akiwa bado kijana. Leo jina lake limebandikwa juu ya maelfu ya picha ambazo hakuziona, na waliozichora hawatajwi. Jina la mmoja limeyafunika ya wengi. Kwa hiyo katika maonyesho ya pamoja, ambapo kila mtu ana upande wake wa ukuta na jina lake, kuna adabu ambayo soko halina.

Nije sasa katika suala la dini, ambalo najua umelingoja tangu mwanzo.

Wanavyuoni hawakulichukulia jambo la picha kuwa dogo. Sanamu za kuchongwa za vyenye roho jumhuri ya wanavyuoni wamezikataza. Ama Qur'ani kututajia kuwa majini walimfanyia Nabii Suleiman (A.S.) mihrabu na masanamu, wengi wamesema hiyo ilikuwa sharia yao na yetu ni nyingine. Katika picha zilizo bapa, zisizo na kivuli, wamehitilafiana: wako katika Wamaliki waliolegeza, na madhehebu yetu ya Kishafii ni makali zaidi, khususan picha inapotundikwa mahali pa heshima. Msingi wao ni habari ya pazia la Bibi Aisha (R.A.) lililokuwa na picha, Mtume (S.A.W.) alichukizwa nalo, likashushwa na kukatwa likafanywa mito ya kukalia. Ama mti, mlima, bahari, nyumba, hati na nakshi, na kila kisicho na roho, hayo jumhuri wameyahalalisha.

Lakini kuna habari nyingine ambayo hatuisomi vya kutosha. Fundi mmoja alimwendea Ibn Abbas (R.A.) akamwambia kuwa riziki yake yatoka katika mikono yake, na kazi yake ni kutengeneza picha. Ibn Abbas alimhofisha kwa yale aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.), na yule mtu akababaika na uso wake ukabadilika rangi. Basi Ibn Abbas hakumwacha katika hali hiyo. Alimwonyesha miti, na vitu visivyo na roho. Ifikiri vema hekima hiyo. Mlango mmoja ulipofungwa, mwingine ulifunguliwa papo hapo, na mtu akarudi kwake na dini yake na riziki yake. Wangapi katika sisi tunaojiita walimu tunajua kufunga na hatujui kufungua!

Kwa hiyo yule mzazi aliponiuliza, nami nilimuuliza: Mwanao amechora nini? Hakujua. Wiki zote zile alikuwa akiumia juu ya picha asizozijua. Nikamwambia ampigie simu amuulize, nasi tukakaa.

Kijana alijibu kuwa ana kazi tano. Nne ni za ngoro. Wewe wa Pwani huenda hujui ngoro, basi nikueleze. Umatengo ni nchi ya milima mikali, na inasemekana wazee wa hapa walisongamana milimani katika karne ya 19 walipokuwa wakishambuliwa na Wangoni. Mahali pa kulima pakawa padogo na mvua ikiosha udongo. Wakabuni ufundi. Mwezi wa Machi, mvua zikielekea mwisho, wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, ikafanyika miraba upande mzima wa mlima. Kisha wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafunika majani yale, pakabaki shimo katikati na matuta pande nne. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu wa pili mahindi. Mvua ikija maji hutuama mashimoni, majani huoza yakawa mbolea, na mlima hauporomoki. Ukisimama ng'ambo ya bonde ukautazama, wauona umepambwa miraba kwa miraba kama mswala mkubwa. Hakuna mtu wala mnyama katika nakshi hiyo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani walikuja kuuchunguza ufundi huu na kuuandika vitabuni, na watoto wetu walikuwa wakipita juu yake kila siku kwenda shule wasiuone.

Kazi nne hizo nilimwambia baba azipe radhi kwa mikono miwili, na aongeze dua. Kijana huyu ameutazama ufundi wa watu wa nchi yake akaupa heshima, na hilo ni kuonyesha, si kujionyesha.

Kazi ya tano ni uso wa bibi yake aliyefariki. Hapo baba alinyamaza, nami nilinyamaza. Nilimwambia: mweleze msimamo wa madhehebu yetu bila ya kupunguza, na mtake asiutundike. Lakini usiikate radhi yako juu ya jambo ambalo wanavyuoni wakubwa kuliko mimi na wewe wamelihitilafia, kwani radhi ya mzazi ikikatika haiungiki kwa wepesi. Kijana alisikia, akasema atafikiri. Mpaka naandika haya sijui alilolichagua, na si kazi yangu kumpeleleza.

Nina neno kwa vijana kama yeye, kwani haki haiko upande mmoja. Maonyesho ya pamoja ni mfano wa hafla zetu za madrasa. Siku ya hafla mtoto husimama mbele ya wazee akasoma alichohifadhi. Mwalimu wake hupimwa pamoja naye, na mzazi hujua ada yake haikupotea. Hakuna anayesema hafla ni haramu kwa kuwa watu wanatazama. Lakini kila mwalimu amepata kumwona mtoto aliyesifiwa siku hiyo akaacha kudurusu siku ya pili. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tembo ni haramu, na hekima ya methali ni halali: sifa huharibu kazi ya asiyekuwa na khofu. Basi kijana uliyesimama kando ya kazi yako ukumbini, jipime kwa jambo moja tu. Mgeni akipita kwako akaenda kuisifu kazi ya mwenzako, moyo wako wafurahi au waungua? Ukifurahi, wewe waonyesha. Ukiungua, rudi nyumbani ukatie udhu.

Nina neno vile vile kwa masheikh wenzangu. Tunapoalikwa kwenda kutazama, twendeni. Hatuwezi kuwa mahakimu wa ukumbi ambao hatujaingia. Na tunapokataza, tuwe na cha kuwaonyesha badala yake: hati, nakshi, uchongaji wa milango, ususi wa mikeka, ushonaji wa kofia. Mtoto mwenye kipaji cha mkono akikuta madrasa haina la kumpa isipokuwa makatazo, atakwenda kwa mwenye la kumpa, na tusimlaumu.

Mwisho nina neno kwa nyumba zetu za Pwani, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Usingoje mwanao afike Makerere. Katika nyumba yako mna maonyesho ambayo bado hayajafunguliwa. Mna mlango, au kasha, au kitanda cha hindi, au msahafu wa babu, au mkeka uliosukwa na shangazi ambaye sasa haoni vizuri. Muulize leo kabla ya magharibi: huu ulisuka wewe? Mwaka gani? Nani alikufundisha? Rangi hii mliitoa katika mti gani? Andika katika karatasi, ukunje, uweke ndani ya kasha. Mnunuzi atakapokuja na fedha zake, naye atakuja, utajua unauziwa nini na unauza nini. Na usipouza, wajukuu watajua nani wa kumwombea dua.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: hivyo ndivyo tulivyoambiwa. Nami nasema, kwa ruhusa ya wahenga, kuwa kizuri kisicho na jina huuzwa na wengine, na thamani yake huliwa na wengine. Mafundi wetu walifanya kazi njema wakaondoka kimya. Walio hai tusiwaache waondoke vivyo hivyo.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliochonga, waliosuka, waliojenga na walionakili, tuwajuao na tusiowajua; azitakase nia za vijana wetu na riyaa; na awape wazazi hekima ya kuuliza kabla ya kuzuia. Amin. Wallahu aalam.